Mfumo wa kulipia kwa dola ulivyotushinda Nakivale, na fomu ya simu iliyofanya kazi: uzoefu wangu

Ukifanya kazi kwenye shirika dogo, kila mwenye laptop ni mshauri wako. Mmoja atakuambia ununue mfumo wanaotumia wakubwa. Mwingine, kijana aliyemaliza chuo juzi, atakuambia programu huria ni bure, kwa hiyo weka seva yenu wenyewe ofisini. Seva! Ofisi yenyewe ni chumba kimoja na kibaraza, na umeme ukienda tunagombania sola moja kuchajia simu. Nimeandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa "nyie mnatumia nini?" na wenzangu wa mashirika madogo, halafu nikijibu wananiangalia kana kwamba nawaficha siri.

Sisi tunalea vikundi vya kuweka na kukopa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Wanachama wengi ni akina mama kutoka Kongo na Burundi, kwa hiyo kazi yetu inakwenda kwa Kiswahili, na Kinyarwanda na Kirundi kidogo. Anayejua VSLA, yaani vikundi vya namna hii, anajua: sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Kila mkutano mtu ananunua hisa, moja mpaka tano, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Njia hiyo ilianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991 na haihitaji kompyuta hata kidogo. Tulioihitaji ni sisi wa ofisini, tujue kila mwezi kikundi kipi kimeweka kiasi gani, mikopo iko wapi, na nani anaanza kuyumba kabla watu hawajaanza kununiana.

Kwanza tulikuwa na kundi la WhatsApp. Wajitolea walipiga picha vitabu na kurusha. Ilikuwa enzi ya OTT, kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ile shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, kwa hiyo nusu yao walitumia VPN kuikwepa, VPN ikala bando, na mwisho wa mwezi nikapokea picha za vidole na nusu ya ukurasa.

Ndipo mfadhili akatulipia mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za vikundi. Sitautaja jina. Tuliitwa Kampala, hotelini, Wi-Fi inakimbia, kwenye skrini kubwa ramani inawaka rangi, ukigusa kikundi kinafunguka na grafu zake. Watu walipiga makofi. Mimi niliuliza swali moja tu: bila mtandao je? Muuzaji akatabasamu, akasema siku hizi mtandao uko kila mahali. Bei ilikuwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wa mfadhili, unaofuata wetu.

Mwanzoni mwa 2020, kabla korona haijafunga kila kitu, fundi wao alikuja nami Juru, mojawapo ya maeneo ya Nakivale, kufundisha. Tukakaa chini ya mti na kikundi. Kila katibu alitakiwa awe na barua pepe yake. Hawakuwa nayo, basi fundi akaanza kuwafungulia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Mama mmoja aliandika la kwake kwenye kanga kwa kalamu. Jua likapanda. Hatimaye ukurasa ukaanza kufunguka, kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Katibu mmoja, mama mtu mzima, akakitazama kwa subira, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiki kinatafuta nini?" Fundi akainuka, akaishika simu juu, akapanda kichuguu. Alama moja ya mtandao ikaja ikaondoka. Wakati huo mama wa hesabu alikuwa ameshahesabu pesa za mkutano mzima, ameshagonga mihuri yote na sanduku limeshafungwa kufuli zote tatu.

Korona ilipotukalisha nyumbani nilijifundisha KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa fomu za simu. Wengi mnaijua kwa tafiti za mashirika ya misaada. Imejengwa juu ya ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Mashirika kama yetu yanaitumia bure mpaka kikomo fulani. Fomu unaichora kwenye jedwali la Excel, simu ya Android ya kawaida inaipakua mara moja, baada ya hapo unajaza hata ukiwa shimoni. Kufungua akaunti na kuunganisha simu sielezi, kutakuchukua asubuhi moja. Lugha mbili ndani ya fomu moja inawezekana: unaongeza safu ya Kinyarwanda pembeni ya safu ya Kiswahili, mtumiaji anachagua.

Kilichotaka akili kilikuwa majina. Mwanachama ni Espérance. Mwezi wa kwanza kaandikwa Esperansi, wa pili Esperence, wa tatu Mama Sperance, na kompyuta inaona watu watatu waliokopa, hakuna aliyelipa. Washauri wangu wote walisema "fundisha watu waandike vizuri." Jamani! Mama ana mtoto mgongoni na pesa mkononi, wewe unamfundisha tahajia ya Kifaransa?

Nilichofanya: jina haliandikwi kabisa. Kila kitabu cha akiba nilikipa namba, nikaiandika kwa kalamu nzito kwenye jalada. Orodha nzima ya namba na majina nikaiweka kwenye faili moja ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, nikaipandisha pamoja na fomu, na ndani ya fomu nikatumia amri inayoitwa pulldata. Mjitolea anaandika namba tu, na fomu, bila mtandao, inamtolea jina la mwenye kitabu na kuuliza: "Ni huyu?" Akikosea tarakimu linakuja jina la mtu mwingine, na kikundi kizima kinacheka, kosa linarekebishwa papo hapo. Kwenye hisa nikaweka kizuizi: chini ya sifuri au zaidi ya tano, fomu inakataa kusonga. Na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hakuna aliyeniambia: namba isianze na sifuri. Excel inaila sifuri ya mbele kimyakimya, 007 inageuka 7, na pulldata inarudi mikono mitupu. Mimi nilianza na herufi ya eneo, J kwa Juru, R kwa Rubondo, B kwa Base Camp, tangu siku ya kwanza. Ndiyo, najisifu.

Kisha ikaja Januari 2021, uchaguzi mkuu. Jioni ya tarehe 13, kuamkia siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Mfumo wa dola, ambao ulikuwa bado unalipiwa, haukufunguka hata ukurasa wa kwanza. Wajitolea wangu walizunguka kama kawaida, wakajaza, fomu zikakaa ndani ya simu. Mtandao uliporudi zikamiminika kwenye akaunti, nami nikatoa ripoti.

Muuzaji nilimwandikia tunaondoka, naomba data zetu. Zikaja kwenye PDF. Kurasa na kurasa za PDF! Kwa hiyo ukienda kwenye maonyesho ya hotelini, mwambie muuzaji atoe data zote kuwa faili la Excel hapo hapo, ukiwa umesimama nyuma yake. Wengine wanakumbuka ghafla kwamba wana kikao.

Kuna watakaoniuliza kuhusu CiviCRM, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wanachama na wachangiaji. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila imetengenezwa kwa shirika lenye wanachama na wachangiaji wengi wa kufuatiliwa, na inahitaji mtu wa kuitunza kwenye seva. Sisi wachangiaji wetu unawahesabu kwa vidole.

Swali la namba ya kadi ya ukimbizi nililifuta kwenye fomu, japo mfadhili alilitaka. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayokutaka uchukue zile tu zinazohitajika kwa kazi yako na uwe na ridhaa ya mwenyewe. Namba ya kitabu inatutosha. Simu zote tumezifunga kwa neno la siri, na fomu ikishatumwa inafutwa kwenye simu.

Gharama? Simu tulinunua Mbarara, kama shilingi laki mbili na nusu za Uganda hivi kila moja, nyingine zaidi kidogo. Bando ni la kutuma fomu tu, linatosha hata baada ya ile kodi ya intaneti ya asilimia 12 ya Julai 2021. Kuchaji simu pale senta, kwenye maduka, ni shilingi mia tano. Mwanachama mpya akiingia naongeza mstari kwenye CSV na wajitolea wanapakua fomu upya wakipata mtandao, nao huwa wanasahau, basi nawapigia. Hesabu za ofisi bado ziko kwenye Excel, mkaguzi hajalalamika, na juzi kuna mshauri amekuja kuniambia nizihamishie kwenye mfumo wa kulipia kwa mwezi. Nimemkaribisha Juru.