Mizabibu ya Wazee Juu ya Cebreros

Basi la kutoka Madrid hadi Cebreros, Hispania, halikuniumiza mfuko. Aliyeniumiza ni dereva wa teksi wa kutupandisha mlimani: alidai euro 40, kisha barabara ya vumbi ilipoanza akatushusha, eti gari lake haliwezi mawe. Mimi na mdogo wangu, anayesoma Madrid, tukamalizia kwa miguu, jua la Septemba likituchoma visogo.

Huko juu nikapigwa na butwaa. Hii ni Sierra de Gredos, magharibi ya Madrid, na mashamba ya garnacha, aina ya zabibu nyekundu, yamekaa kwenye miteremko ya mchanga wa itale, mengine yakipita mita 1,000. Hakuna nguzo wala waya. Kila mzabibu umesimama peke yake, hauzidi kiuno, shina limejisokota na gome limepasukapasuka. Mzee tuliyemkuta akivuna alisema mizabibu ile ilipandwa na babu yake. Ana kisu kifupi kilichopinda. Anainama, anakata kishada, anakigeuza, akiona punje iliyooza anaichokoa kwa ncha ya kisu, ndipo anakilaza kwenye kreti. Shina zima lilimpa kama kilo moja tu. Majirani zake wengi waling'oa mizabibu yao, maana bei ilikuwa ya kutupa na vijana walishahamia mjini. Sasa watu wanarudi kuyatafuta mashamba ya namna hii, hasa tangu Fernando García na Daniel Landi walipoanzisha kampuni ya mvinyo ya Comando G mwaka 2008.

Jioni tukaonja mvinyo wa huko. Nilizoea mvinyo mwekundu mzito, wa kutia doa meno. Huu ulikuwa mwepesi wa rangi kama juisi ya rozela. Ukiinua glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Uchachu wake ni safi, halafu ukavu kidogo unabaki kwenye ufizi. Mchana jua linatia sukari, usiku baridi ya mlima inalinda uchachu, zabibu inaiva taratibu. Chupa euro 35. Ni ghali mno, na nililipa.

Mchana ule shambani, mzee alikuwa ametuuliza kwetu wapi. Dodoma, nikamwambia, mita 1,100 hivi, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akaacha kukata. Mara mbili! Kimo kile kile cha mashamba yake, na sisi Hombolo, kijiji cha zabibu huko Dodoma, tunapakia zabibu kwenye gari la mnunuzi, akichelewa zinaozea shambani, au tunauza mchuzi wa zabibu kwa lita unaochanganywa na wa vijiji vingine. Nani amewahi kuonja Hombolo peke yake, au kijiji jirani cha Mpunguzi peke yake? Jambo hilo liliniuma kuliko teksi.

Usiku nikampigia baba, aliyekuwa amepanga kung'oa mistari ya zamani apande alizeti. Akasema mizabibu haina shida, shida ni nguzo zimeliwa na mchwa na waya umepanda bei. Tumekubaliana: yeye haing'oi, nguzo nanunua mimi.