Mama na mwanawe baharini
Jana nimewaona nyangumi wenye nundu kwa macho yangu, mama na mtoto wake, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Nahodha alizima injini tukiwa kama mita 100 kutoka walipo. Kimya, maji tu yakipiga ubavu wa boti. Mara fyuuu! Mvuke ukaruka juu, na pembeni yake mwingine mdogo, wa mtoto.

Mtoto hawezi kubana pumzi muda mrefu kama mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anapanda na kushuka kila dakika chache. Anatoa kichwa, anapumua, anarudi kujibanza chini ya mama. Safari moja aligeuka ubavu, nikaliona pezi lake refu, jeupe kwa chini, likipunga hewani. Mama alipoinuka, mgongo ule ulipita, ukapita, nikadhani hauishi.

Kilichoniliza ni hiki: miezi yote ya kulea kwenye maji ya joto, mama huyu karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kwenye maji ya baridi, na ndiyo hayo hayo anayoyageuza kuwa maziwa. Mtoto anazaliwa ana mita 4 na ushee!

Halafu boti nyingine ikaja mbio kuwasogelea. Mama akajiweka katikati, kati ya boti hiyo na mwanawe, wakazama. Niliumia sana. Jamani, mkienda, mwambieni nahodha akae mbali.

Tulingoja. Baadaye, mbali kabisa, zikaonekana pumzi mbili, kubwa na ndogo.