Jamaa aliyepiga kinanda kwenye kaseti ya mzee

Mzee wangu alikuwa na kaseti moja kaiandika kwa kalamu ya bluu "PERCY SLEDGE, USIFUTE", na sisi watoto tulijua ukiigusa hiyo utalala nje. Ule wimbo wa kwanza, When a Man Loves a Woman, unavyoanza mi siku zote nilidhani ni kinanda cha kanisani, yaani kama misa inaanza vile. Kumbe ni Farfisa, kale kakinanda ka umeme ka Kiitaliano, na aliyekipiga ni kijana wa Alabama anaitwa Spooner Oldham, mwaka 1966 huo, na Percy mwenyewe alikuwa mhudumu tu wa hospitali huko huko.

Jina lake la kuzaliwa ni Dewey Lindon Oldham, wa 1943, katokea kakijiji kanaitwa Center Star. Hilo la Spooner limetokana na kijiko, alikuwa mdogo anajinyoosha kuchukua kikaango kijiko kikamwangukia jichoni, jicho la kulia likapofuka, afu wenzake shuleni ndo wakampa jina hilo. Watoto hawana huruma jamani.

Chuo alianza ila akili yote ilikuwa studio za FAME pale Muscle Shoals, mji wa huko huko Alabama, na ndo tunafika kwa mwimbaji Aretha Franklin. Januari 1967 Aretha analetwa Alabama kurekodi I Never Loved a Man, wimbo upo, maneno yapo, sauti ndo usiseme, ila wanamuziki wamekaa hawajui waushike wapi, kila mtu anajaribu haikai. Spooner yuko kwenye Wurlitzer, ile piano ya umeme ambayo ndani yake kuna vyuma vidogo vinagongwa na nyundo, ukiigusa taratibu inalia laini, ukiikandamiza inakoroma. Akadondosha vinota vichache tu, vizito, vya kujivuta kama mtu ameamka na hasira, akaacha nafasi, akavirudia. Basi, wote wakaingia. Sikiliza zile sekunde za mwanzo na hedifoni utanielewa.

Sema siku hiyo hiyo ugomvi ukazuka, Aretha akaondoka, wimbo wa pili ukabaki nusu. Baadaye wale wanamuziki wakaitwa New York kumalizia, na kwenye Respect, wimbo mwingine wa Aretha, anayepiga ogani ni huyu huyu Spooner. Na kumbuka hii ni Alabama ya ubaguzi, Spooner mzungu, anapigia waimbaji weusi, na watu kibao walikuwa wanasikia ile midundo wanadhani bendi nzima ni weusi.

Kutunga pia alikuwa anatunga, na mshkaji wake Dan Penn. I'm Your Puppet ni yao. Kuna siku walitakiwa watoe wimbo wa kuimbwa na bendi ya Box Tops, wamekesha hawana kitu, asubuhi wakavuka barabara kwenda kula, Spooner akalaza kichwa mezani akasema anajisikia kulia kama mtoto mchanga. Penn akashtuka, umesemaje? Wakarudi studio mbio, ndo ikawa Cry Like a Baby, 1968, ikafika namba 2 Marekani.

Baadaye kazunguka na Bob Dylan, kapiga na Neil Young, na 2009 wakamwingiza Rock and Roll Hall of Fame, kule Marekani wanakoenzi magwiji wa muziki, kwenye kundi la wale wanaopigia wenzao. Ila ukimtaja mtaani hakuna anayemjua, mzee wangu mwenyewe na kaseti yake yote hakuwahi kulisikia hilo jina.

Mi napiga kinanda kanisani na ugonjwa wangu ni vidole vingi, kila penye nafasi lazima nijaze. Jumapili iliyopita nikasema leo napiga kama Spooner, nota chache, naacha wimbo upumue. Ubeti wa pili mwalimu wa kwaya akanigeukia kwa wasiwasi akaninong'oneza, "Vipi kaka, umeme umekata?"