Siku Moja Maishani Mwangu: Mashua, Maji Kujaa na Kitenzi "Put"

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimerudi kutoka msikitini na mahamri ya moto mkononi. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na kabla mbaazi hazijapakuliwa ameshanisogezea daftari. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza hupenda kuuliza vile vitenzi vinavyoshikana na kijineno kama on, off au out na kuzaa maana mpya kabisa. Yeye anajiandaa kwa mtihani. Mimi nachukua wageni kwa mashua hapa Lamu. Wiki hii tuko kwenye put.

"Baba, put off?"

"Kuahirisha."

"Put out?"

"Kuzima moto. Na chombo kikiondoka bandarini kwenda baharini, pia ni put out."

Hiyo ya pili haikuwamo daftarini mwake. Nilikunywa chai yangu kwa madaha.

Saa mbili. Baharia wangu anatoa maji chomboni kwa upo. Wageni wawili, mume na mke kutoka Uingereza waliofikia Shela, wanauliza kwa WhatsApp kama tunaweza kwenda Takwa sasa hivi. Haiwezekani. Kwenye magofu yale ya kisiwa cha Manda unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakipwa unabaki na tope. Leo yanajaa saa tisa alasiri. Nikawaandikia: "We must put it off until afternoon." Hiyo it lazima ikae katikati. "Put off the trip" ni sawa, "put the trip off" ni sawa, lakini "put off it" hakuna.

Adhuhuri, kahawa pale Mkunguni. Wazee wanasema Kiingereza hakina akili, neno moja maana kumi. Mimi sikubaliani nao. Sisi tunatia nanga, tunatia nia, tunatia saini, tunatia moyo, na wao wenyewe kila siku wanatia chumvi hapo barazani. Mtoto wa Kiamu hajifunzi hayo kwa orodha, huyasikia yakifanya kazi. Ndiyo maana orodha za vitenzi hamsini zinazosambazwa kwenye simu sizitaki. Nipe kimoja chenye tukio lake.

Saa nane, wageni wanapanda. Baharia anawanyooshea laifu-jaketi: "Put on it, mama!" Mama akavaa, maana mikono ya kijana ilishaeleza yote. Nikamnong'oneza: "Put it on, mwanangu." Akauliza, basi mbona tunasema "get on it" kuhusu mashua? Swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Put on hufunguka katikati, get on haifunguki. Kisha kuna put up with, kuvumilia, yenye vijineno viwili, nayo pia haifunguki: "put up with it." Nikamwambia ndivyo ninavyomvumilia yeye, akacheka.

Saa nane na nusu tuko mkondoni, kaskazi inatupiga usoni. Nikapaza sauti, "Bisha!" Kijana akalegeza kamba, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikazunguka, tanga likapigapiga kisha likajaa upande wa pili. Yule mzee wa Kiingereza, ambaye kumbe kwao ana mashua yake, akasema, "Ah, we're putting about." Nilimwomba arudie. Put about, kugeuza chombo. Akaniongezea put in, kuingia bandarini. Mwaka mzima ningepekua daftari za shule nisiyapate hayo, na ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Takwa tulizunguka taratibu: msikiti, kaburi la mnara, mibuyu. Niliwaeleza kwamba mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na kwamba watu wa Shela huja kuomba mvua kaburini. Tukaondoka mapema, maji hayamngoji mtu.

Saa mbili usiku, nyumbani Langoni. Ujumbe umeingia: "Can you put us down for Thursday morning? Takwa again!" Binti akaruka. "Baba, put down ni kumdunisha mtu! Au kumuua mnyama mgonjwa asiteseke, kama punda." Nikamwambia punda aachwe alale, hawa wanataka waandikwe orodhani. Akaongeza mstari daftarini, huku akinung'unika kwamba mtihani hautauliza hiyo.

Alhamisi asubuhi Takwa haiendeki, maji yatajaa karibu saa kumi na moja jioni na kurudi kutakuwa gizani. Nikawapa Manda Toto, kupiga mbizi, kuondoka saa moja unusu. Wamekubali. Nimewaomba watangulize nusu ya nauli.