Kabla hujawasha gari kwenda Moshi, piga kwanza hesabu ya kilomita moja

Ikishafika Novemba swali ni moja tu, kwenye magrupu ya familia, kazini, hata msibani watu wanaulizana: Desemba hii kutoka Dar kwenda Moshi twende na gari yetu au tupande basi? Majibu unayoyasikia ni ya hisia tupu, mmoja atasema gari ni raha, mwingine atasema gari ni gharama, wa tatu atasema yeye mwaka jana alitumia laki tatu tu na hasemi alikuwa na watu wangapi wala alizunguka wapi alipofika. Mi hili jambo linaniuma kwa sababu kuna watu wanakopa ili waende kwao, halafu Januari ada za watoto ziko mlangoni, wakati hesabu yenyewe ukikaa na kalamu haichukui dakika kumi.

Kitu cha kwanza, acha kuuliza safari nzima ni shilingi ngapi, uliza kilomita moja ni shilingi ngapi. Ukishaijua hiyo namba, safari yoyote duniani unaipigia hesabu, iwe Moshi, Dodoma, Mbeya au kwenda tu Mbagala kumwona shangazi.

Sasa ili uijue lazima ujue gari yako inakula vipi, na hapa ndo wengi wanakwama. Nilikuwa na shemeji yangu pale sheli, nikamuuliza, shem, hii Noah lita moja inaenda kilomita ngapi? Akaniambia aah inakula kawaida tu. Dada wa pampu akauliza ya shingapi, shem akasema weka ya elfu thelathini. Basi ndo hapo tatizo linapoanzia, tunanunua mafuta kwa hela na sio kwa lita, kila siku ya elfu ishirini, ya elfu kumi, ya elfu tano jioni, mwisho wa mwezi hakuna mtu anayejua ameingiza lita ngapi. Lakini ile risiti ya EFD lita zimeandikwa, ni sisi tu tunaikunja na kuitupa chini ya siti. Nikamwambia shem leo jaza full tenki, ile trip meta kwenye dashibodi irudishe ziro, tembea siku zako kama kawaida, ukirudi kujaza jaza tena full mpaka pampu ikate yenyewe, halafu kilomita zilizosoma gawanya kwa lita ulizojaza mara hii ya pili. Akasoma kilomita 320, zikaingia lita 32. Kumi kwa lita moja. Sasa hiyo ni namba unayoweza kukaa nayo mezani, sio "kawaida tu".

Ila angalizo, kilomita za Dar kwenye foleni ya Ubungo sio sawa na kilomita za kutoka Segera kwenda Korogwe, gari ikiwa barabara kuu haisimamisimami kwa hiyo inakula kidogo. Kama unataka hesabu ya safari, pima kwenye safari. Kama huna, tumia ya mjini, ikizidi utabaki na hela na hakuna aliyewahi kulalamika kwa kubaki na hela.

Haya tuendelee. Bei ya mafuta EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanaitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei kikomo kwa kila wilaya, na kwa kawaida ukienda mbali na bandari za Dar, Tanga na Mtwara inapanda kwa sababu ya usafirishaji. Mi hapa naweka 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, we utaweka ya mwezi wako. Noah ya kumi kwa lita, mafuta peke yake ni shilingi 300 kwa kilomita. Lakini gari haili mafuta tu jamani. Tuseme tairi nne umenunua kwa laki sita na zinakupeleka kilomita 40,000, hapo ni shilingi 15 kwa kila kilomita. Sevisi ya oili na filta tuseme 150,000 kila kilomita 5,000, hiyo ni 30. Jumla 345, na bado sijagusa bushi, breki pedi na vioo vya taa. Watu wanasahau hii kwa sababu hailipwi siku ya safari, inalipwa Machi kwa fundi, na wakati huo kila mtu anasema gari imeanza kusumbua ghafla. Haijaanza ghafla, ni zile kilomita.

Sasa weka basi pembeni yake. Desemba 2023 LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, walitangaza nauli za mabasi ya mikoani kwa kilomita, daraja la kawaida 48.47 kwa abiria na daraja la kati 67.84. Naitumia hiyo ya daraja la kati, kama imebadilika weka mpya, njia ya hesabu ni ileile. Chukua 345 gawanya kwa 67.84, unapata tano na kidogo. Maana yake ile Noah ikibeba watu wanne wanaolipiwa nauli, kupanda basi ndo nafuu. Ikibeba watano ni ngoma droo. Kuanzia sita ndo gari linaanza kukuokolea hela. Kagari kadogo ka kilomita 15 kwa lita, IST kwa mfano, mafuta ni 200, ongeza zile 45 za tairi na sevisi unapata 245, gawanya kwa 67.84 inakuja tatu na nusu na ushee, kwa hiyo watu wanne gari, watatu basi. Huo mstari mmoja umemaliza ubishi wa grupu zima, na umeona hatujataja hata Moshi ni kilomita ngapi, kwa sababu umbali ni uleule kwa wote, unajikata wenyewe.

Kuna anayesema lakini gari nikifika nalizungukia. Kweli kabisa, na hilo liweke kwenye hesabu pia. Ukifika Moshi kuna kwenda Marangu, kuna Machame kwa wakwe, kuna Rombo kwenye ubarikio, ukizijumlisha hizo kilomita 150 au 200 sio ajabu. Kwa mwenye Noah hiyo ni karibu 52,000 hadi 69,000 kwa zile 345. Linganisha na utakachowalipa bodaboda na Noah za abiria kwa siku zote hizo ukiwa na watoto wawili na kreti za soda. Mara nyingi hapa ndo gari linashinda, sio barabarani.

Na hii inanileta kwenye kitu ambacho naona wengi hawakijui: kwenye safari yoyote kilomita za mwanzo na za mwisho ndo ghali kuliko zote. Basi linakupeleka kwa shilingi 68 kwa kilomita, halafu bodaboda kutoka nyumbani mpaka kituoni kilomita nne anachukua 2,000, hiyo ni 500 kwa kilomita, mara saba ya basi! Mtu anayetoka Kigamboni kwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na mabegi matatu anaweza kutumia kwenye bajaji hela inayokaribia nusu ya nauli ya kwenda mkoani. SGR, ile treni mpya ya umeme, vilevile. Nauli ya treni ya kawaida Dar kwenda Dodoma walianza na 31,000, ukigawanya kwa kilomita kama 450 unapata karibu shilingi 69, yaani ni sawasawa kabisa na basi la daraja la kati, ila basi linakula karibu siku nzima na treni ni kama masaa manne. Hapo treni inashinda bila mjadala. Lakini stesheni ya Dodoma iko Mkonze na ya Morogoro iko Kihonda, sio katikati ya mji, kwa hiyo hela ya kutoka pale mpaka unapofikia ipigie hesabu kabla, usiipigie ukiwa umesimama nje na begi, na dereva anakuangalia anajua huna jinsi.

Umbali nao una mambo yake. Ukiangalia ramani unaona Dar na Moshi mstari ulionyooka ni kama kilomita 440, lakini barabarani ni 560 hivi. Dar na Dodoma mstari ni karibu 400, barabara 450. Ndo maana mi nikiwa sina intaneti nachukua mstari wa ramani nazidisha kwa 1.25, inanitosha kujua nipo wapi. Isipokuwa milimani. Mombo na Lushoto kwenye ramani zimeachana kilomita kumi na kitu tu, ila ile barabara inapanda kwa kona mpaka inakuwa zaidi ya thelathini, mara tatu! Mtu akikwambia Lushoto ni hapo tu juu kutoka Mombo mwambie hapo tu kwa ndege. Na anayekaa Bunju au Tegeta hana haja ya kurudi Kibaha akapange foleni mpaka Chalinze, apite Bagamoyo akatokee Msata, lami tupu.

Sasa muda. Hapa ndo watu wanajidanganya sana. Basi mwisho ni spidi 80, kwa hiyo wanachukua 560 gawanya 80, masaa saba, wanamwambia mama tutakula wote mchana. Hamtakula wote mchana. Kwenye vijiji na miji kuna vibao vya 50, na njia ya Moshi vimejaa. Gawanya safari vipande viwili. Tuseme kilomita 160 ni za vibao, 160 kwa 50 ni masaa 3.2. Zilizobaki 400 kwa 80 ni masaa 5. Jumla 8.2, na hiyo pointi mbili sio dakika ishirini, ni sehemu mbili za kumi za saa, dakika 12. Ongeza nusu saa ya kula, ongeza mizani, ongeza kutoka Dar kwenyewe, weka masaa tisa na nusu. Na saa yetu inaturahisishia, ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi hujumlishi chochote, masaa tisa na nusu unafika saa tisa na nusu alasiri. Mwambie mama hivyo, chakula kiwe cha jioni.

Ukiwa na gari yako kuna kishawishi cha kukanyaga ili ufidie muda. Naomba hii isomwe polepole na kila mwenye leseni. Kwenye kilomita 100 ukitoka spidi 80 ukaenda 100, unaokoa dakika 15. Ukitoka 100 ukaenda 120 unaokoa dakika 10. Ukitoka 120 kwenda 140 unaokoa dakika 7. Kila ukiongeza spidi ileile 20, unachopata kinapungua, wakati mafuta yanazidi na gari linahitaji urefu mrefu zaidi kusimama ng'ombe akikatiza pale Same. Dakika saba. Dakika saba ni ile foleni ya choo Korogwe. Kama unataka kuwahi, toka nyumbani mapema kabla foleni ya Kibaha haijafunga njia, na mkisimama kula simameni mara moja na sio mara tatu, hapo utaokoa saa nzima bila kumtisha mtu ndani ya gari.

Na hii ya wastani wengi wanaikosea hata walioenda shule: umeenda kwa spidi 80 ukarudi njia ileile kwa 40, wastani sio 60. Weka kilomita 80, kwenda saa moja, kurudi masaa mawili, jumla kilomita 160 kwa masaa matatu, ni 53. Ile sehemu ya polepole inakula muda mwingi zaidi kwa hiyo inavuta wastani kwake. Ndo maana foleni ya kilomita kumi ya kutoka Dar inaharibu hesabu ya safari nzima.

La mwisho ni kuchangia mafuta, maana hili limegombanisha ndugu nawajua. Mko wanne kwenye IST, mmoja anashukia Korogwe ambayo ni kama nusu ya njia. Alipe robo? Hapana, anaonewa. Alipe nusu ya robo? Hapana, hapo mnaonewa nyie. Kata safari pale anaposhukia. Mafuta yote ni 560 mara 200, yaani 112,000. Nusu ya kwanza 56,000 mpo wanne, kila mtu 14,000. Nusu ya pili 56,000 mmebaki watatu, kila mtu 18,667. Wa Korogwe anatoa 14,000, wa Moshi kila mmoja 32,667, ukijumlisha inarudi 112,000 ileile. Mwenye gari naye yumo kwenye mgao wa mafuta, kwa sababu peke yake angelipa yote, ila tairi na sevisi anabeba yeye, na kwa hilo mi naona wengine wakimnunulia chakula njiani ni haki yake. Akiokota mtu mwingine Korogwe wa kujaza ile siti, nusu ya pili inarudi kuwa 14,000 kwa kila mmoja. Yaandikeni kwenye grupu usiku kabla ya safari, kila mtu aone namba yake, asubuhi iwe ni kupakia mabegi tu.