Zamu Aliyonishikia Profesa

Mwaka 2011 nilikuwa Dar es Salaam nikisomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka huo yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, nasi tukayasoma pamoja kwenye kikao chetu cha kujadili majarida ya kitabibu. Utafiti ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, huko Muheza, kwa watoto 3,141 waliofika hospitali wana homa kali na damu haizunguki vizuri: mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, mtoto kalegea. Mtoto wa namna hiyo tulifundishwa kumsukumia maji mengi ya mshipani haraka haraka, na tulifanya hivyo kwa moyo mweupe. Watafiti wakalinganisha. Ndani ya saa 48, kwenye makundi mawili yaliyosukumiwa maji walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Kwenye kundi ambalo halikusukumiwa walikufa asilimia 7.3. Ilipofika Januari 2011 uandikishaji ukasimamishwa.

Mwenzetu mmoja aliweka karatasi mezani akauliza, "Kwa hiyo sisi tumekuwa tukifanya nini?" Hakuna aliyemjibu. (Watoto wanaoharisha hawakuwemo kwenye utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali. Nalitaja kwa sababu hadi leo nasikia watu wakilichanganya, na mtoto aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji.)

Profesa aliyekuwa akitusimamia alituacha kimya kidogo. Kisha akasema, "Swali hili lilikuwa linalala wodini kwetu kila usiku. Haya, niambieni, ni jambo gani jingine mnalifanya kila siku bila kuwa na hakika nalo?"

Nikamjibu bila kufikiri sana: watoto wachanga wanaokuja wamepoa. Walikuwa wakiletwa kutoka zahanati na vituo vya afya, wengine njiti, wamefungwa kanga ambayo ilishalowa njiani. Tuliwapasha joto, tukaandika faili, tukaendelea na mwingine. Ni wangapi waliofika wamepoa kiasi hicho, na wamepoa kwa kiwango gani, hakuna aliyeweza kusema.

"Hiyo ndiyo tasnifu yako," akasema Profesa.

Kila aliyepita masomo yale anajua tasnifu inavyoandikwa. Mchana uko wodini, usiku una zamu, na utafiti unapewa masalio. Wengi huchagua mada rahisi ya kufungua mafaili ya zamani, huonana na mtakwimu mwishoni kabisa wakati takwimu zimeshaharibika, kisha kitabu kinafungwa na kuwekwa kabatini. Siwalaumu hata kidogo. Daktari ambaye hajalala hawezi kuuliza swali zuri, na wanaosema vijana siku hizi hawapendi utafiti wangekaa naye saa kumi alfajiri wakaona.

Pendekezo langu lilitakiwa kufika kwenye kamati ya maadili asubuhi ya siku fulani, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa na zamu ya wachanga. Nilikwenda kumwomba Profesa anisaidie kubadilishana na mtu. Akachukua ratiba ya zamu, akakata jina langu, akaandika lake.

"Shikamoo Prof, lakini hii ni zamu ya usiku mzima," nikamwambia.

"Marahaba. Najua zamu ya usiku ilivyo, mwanangu. Kaa ofisini kwangu uandike. Ila niachie ile fomu yako ya kukusanyia takwimu."

Nilidhani anaitaka aipitie akikosa kazi. Kumbe aliibeba mfukoni mwa koti na kuijaza kitandani kwa kila mtoto aliyepokelewa usiku ule. Niliporudi wodini kulipokucha nilimkuta amekaa na Sista wa zamu, fomu zimetandazwa juu ya meza ya dawa, zimejaa mishale na maandishi ya kalamu nyekundu.

"Njoo uone," akaniita. Akanishika mkono hadi kwa mtoto mmoja aliyeletwa na bajaji kabla ya alfajiri. Alikuwa mdogo, ngozi imekunjamana mapajani, amevalishwa kofia ya sufu iliyokuwa kubwa kwake. "Kalipokuja, joto lake lilikuwa ngapi?"

Nikatazama faili. "35."

"Mwambie, Sista."

Sista akachukua kile kipimajoto cha zebaki akanielekezea kidole kwenye namba ya chini kabisa. "Hiki kinaanzia 35, daktari. Mtoto akiwa na 34, akiwa na 31, zebaki haipandi kabisa. Sisi tunaandika 35 maana ndiyo namba ya kwanza."

Nikakumbuka mafaili niliyokwisha kuyapitia, 35 zilizopangana ukurasa baada ya ukurasa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mchanga wa kawaida ana joto la 36.5 hadi 37.5. Akiwa kati ya 32 na 35.9 amepoa kwa kiasi cha kati. Chini ya 32 amepoa vibaya mno, na maisha yake yako hatarini. Kwa kipimajoto kile tusingeweza kumtofautisha mtoto wa 34.8 na wa 31. Utafiti wote ungesimama juu ya namba hiyo moja isiyosema lolote.

Kulikuwa na jambo la pili. Fomu ilimtaka mama aeleze mtoto alivyosafirishwa. Usiku ule karibu wote waliletwa na bibi, shangazi au baba. Mama alibaki alikojifungulia, ama ameshonwa, ama anaongezewa damu. Profesa alikuwa amefuta neno "mama" kila lilipotokea akaandika "aliyemleta mtoto".

Tulirekebisha pendekezo asubuhi ile ile, tukaongeza kwenye bajeti vipimajoto vinavyosoma viwango vya chini, nikalipeleka kabla ofisi haijafungwa kwa chakula cha mchana. Jina la Sista tuliliweka kwenye orodha ya watafiti. Hilo Profesa alilisisitiza, na kamati ilipohoji mbona muuguzi yumo, alikwenda mwenyewe kueleza. Ruhusa ikatoka.

Kwangu, hata hivyo, lililokuwa kubwa zaidi lilitokea kwenye kikao cha idara kilichofuata. Profesa alisimama akapendekeza kila anayesomea ubingwa apewe mchana mmoja kwa wiki wa kufanya utafiti, uandikwe kwenye ratiba kama zamu nyingine, na mtakwimu awe anakuja siku hiyo. Mabishano yalikuwa makali. Bingwa mmoja aliuliza wodi itabaki na nani. Profesa akafungua ratiba aliyokuja nayo: kila Jumatano mchana alishaweka jina la bingwa mmoja mmoja kwa zamu, la kwake likiwa la kwanza, na aliyeuliza swali alikuwa wa pili. Yule bingwa akaisoma, akasema wiki hiyo ana safari, ahamishiwe ya nne. Akahamishiwa, na ratiba ikabandikwa ukutani siku hiyo hiyo.