Waifai imepotea baada ya kuapgredi Linux? Usinunue kadi kwanza

Jamani wenye Linux, mkiapgredi mkakuta waifai haipo msikimbilie kadi mpya, maana hapa Lamu mpaka iagizwe Mombasa, ipande basi hadi Mokowe halafu ivuke na boti. Juzi binamu yangu wa Langoni kaniletea laptopu yake, kaapgredi usiku, asubuhi waifai hakuna. Kadi ilikuwa nzima kabisa! Kilichobadilika ni keneli, yaani kiini cha Linux, na kuna draiva (programu za kuendesha vifaa) haziji na keneli, zinajengwa pembeni, kwahiyo keneli mpya ikiingia lazima zijengwe upya, zisipojengwa kifaa kinakuwa kama hakipo.

Cha kwanza zima uwashe, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikiwaka, chagua keneli ya zamani. Waifai ikirudi basi ushajua mashine haina ubovu. Kisha rudi kwenye mpya, andika kwenye terminal lspci -k uone kila kifaa cha PCI, kama kadi ya ndani ya mashine, kinatumia draiva gani, na dkms status (DKMS ndiyo inayojenga hizo draiva za pembeni) ikwambie kama draiva imejengwa kwa keneli hiyo. Kama haijajengwa, intaneti ya kushushia vitu vya kuijenga chomeka simu kwa waya wa USB, inatosha sana.

Halafu kuna Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu mashine ikiwaka, hii inaniuma kwasababu watu wanafuta mfumo mzima bure. Draiva isiyo na saini inakataliwa hata kama imejengwa vizuri, sasa ama uisaini kwa ufunguo wa MOK, yaani ufunguo wako mwenyewe uliousajili kwenye mashine, ama uzime Secure Boot kule BIOS, kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Na ile keneli ya zamani usiifute mpaka sauti, skrini na waifai vyote vikae sawa.